Wasomaji Wauliza: Talikota 1565, Siku Vijayanagara Ilipokatwa Kichwa

Katika orodha yetu ya vita vilivyogeuza ramani ya Asia, toleo lililopita, Talikota tuliipa mistari miwili tu: kwamba mwaka 1565 masultani wa Deccan, kusini mwa India, waliungana wakaivunja dola kubwa ya Kihindu ya Vijayanagara. Wasomaji hawakuridhika, na wana haki. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Wahariri, salaam. Nimekuta vita hivi vikiitwa Talikota, kwingine Rakkasa-Tangadi. Hata tarehe zinapishana: 23 Januari, 26 Januari. Nishike lipi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Ni vita vilevile. Talikota ni mji mdogo katika jimbo la leo la Karnataka. Majeshi ya masultani yalipiga kambi hapo Desemba 1564, na jina la kambi likabaki kuwa jina la vita. Mapigano yenyewe yalitokea kusini zaidi, kwenye Mto Krishna, eneo la vijiji vya Rakkasagi na Tangadagi. Ukiyaunganisha majina ya vijiji hivyo unapata hilo jina la pili, ambalo kwa kweli liko karibu zaidi na uwanja.

Tarehe inatatanisha kwa sababu ya Ferishta, mwandishi wa tarikh, yaani kumbukumbu za historia. Yeye aliandika Ijumaa, 20 Jumada al-Thani 972 Hijria. Ukiigeuza tarehe hiyo unapata 23 Januari 1565, ila siku hiyo ilikuwa Jumanne. Wanaoshika tarehe ya mwezi huandika 23. Wanaoshika Ijumaa husogea hadi 26. Kwenye mtihani andika 23 Januari na hutakosea.

Masultani hawa walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe miaka nenda miaka rudi. Nini kiliwapatanisha? (Msomaji, Kisumu)

Rama Raya, aliyeshika hatamu za Vijayanagara, ndiye aliyewapatanisha, bila kukusudia.

Turudi nyuma kidogo. Usultani wa Bahmani, uliotawala Deccan tangu 1347, ulisambaratika kuanzia mwishoni mwa karne ya 15, zikazaliwa dola tano: Bijapur, Ahmadnagar, Golconda, Bidar na Berar. Kusini yao ilikuwapo Vijayanagara, iliyoasisiwa mwaka 1336 na ndugu wawili, Harihara na Bukka. Katikati kulikuwa na ardhi yenye rutuba baina ya mito Krishna na Tungabhadra, pamoja na ngome za Raichur na Mudgal, na kila upande uliitamani.

Rama Raya hakuwa mfalme. Alikuwa mkwe wa Krishnadevaraya, mfalme mashuhuri aliyetawala 1509 hadi 1529. Kuanzia 1542 mfalme kwa jina alikuwa Sadashiva, lakini alifungiwa ndani, na hatamu zote zilikuwa mikononi mwa Rama Raya na ndugu zake wawili, Tirumala na Venkatadri. Kwa miaka ishirini na ushei siasa yake ilikuwa moja: leo asimame na Bijapur dhidi ya Ahmadnagar, kesho na Ahmadnagar dhidi ya Bijapur, na kila mara adai ngome kama malipo. Kwa muda mrefu mbinu hiyo ilimlipa.

Ila aliongeza dharau. Ali Adil Shah wa Bijapur alikwenda mwenyewe Vijayanagara kumpa pole kwa kufiwa na mwanawe. Mke wa Rama Raya akamfanya mtoto wake wa kulea. Siku ya kuondoka, Rama Raya hakumsindikiza hata hadi nje ya mji. Husain Nizam Shah wa Ahmadnagar yalimfika makubwa zaidi. Aliposhindwa vitani ilimbidi aende mwenyewe kupokea tambuu mkononi mwa Rama Raya na kukabidhi funguo za ngome ya Kalyani. Ferishta anasimulia kwamba baada ya kushikana mikono, kila mmoja aliagiza maji akanawa mbele ya mwenzake.

Yote haya yangebaki manung'uniko lau ndoa hazikufungwa. Chand Bibi, binti Husain, aliolewa na Ali Adil Shah, akaja na ngome ya Solapur, ambayo ndiyo iliyokuwa fupa la ugomvi baina ya Bijapur na Ahmadnagar. Dada yake Ali naye akaolewa na Murtaza, mtoto wa Husain. Golconda na Bidar wakaingia, Berar ikakaa kando kwa sababu ya kisasi chake na Ahmadnagar. Kisha Ali akatuma balozi kwa Rama Raya kudai arudishiwe ngome zake, akijua vizuri kwamba balozi atafukuzwa. Akafukuzwa, na sababu ya vita ikapatikana.

Nieleweshwe vita vyenyewe, hatua kwa hatua. Jeshi kubwa namna ile lilishindwaje kwa siku moja? (Askari mstaafu, Dodoma)

Tuanze na mto. Mizinga mizito haivuki popote: inataka kivuko chenye maji ya kina kifupi na sakafu ngumu. Watu wa Vijayanagara walijua hilo, wakakiziba kivuko kizuri kwa boma la udongo na mizinga. Masultani wakafunga mizigo, wakaanza kutembea kando ya mto kama wanaotafuta njia nyingine. Siku tatu walinzi wa ng'ambo waliwafuata sambamba, na hawakuacha nyuma kikosi cha maana. Usiku masultani wakageuka, wakarudi mbio kwenye kivuko kilekile na kuvuka bila kupigwa. Wewe askari unajua: kizuizi kisicho na mtu wa kukilinda si kizuizi.

Hesabu za majeshi zilizomo kwenye tarikh, mamia ya maelfu ya watu, usizitegemee. Kinachokubalika ni kwamba Vijayanagara walikuwa wengi kuliko wapinzani wao.

Husain alishika katikati, uso kwa uso na Rama Raya. Ali alikuwa ubawa mmoja, Ibrahim Qutb Shah wa Golconda na Ali Barid wa Bidar ubawa mwingine. Ndugu wawili wa Rama Raya waliongoza mbawa za upande wao. Yeye mwenyewe, mzee ambaye Ferishta anampa miaka 80, alikaa kwenye machela. Wakubwa wa jeshi walimsihi apande farasi. Akakataa, akasema huu ni mchezo wa watoto na masultani watakimbia.

Saa za mwanzo zilikuwa zake. Mbawa za masultani zilirudishwa nyuma, na Ali na Ibrahim wakaanza kufikiria kuondoka. Rama Raya akashuka kwenye machela, akaketi kwenye kiti cha enzi chini ya mwavuli wa mahameli, akaamuru fedha na vito virundikwe kando yake ili wanaofanya vizuri wazawadiwe papo hapo. Wakasonga kwa nguvu kuelekea katikati.

Katikati ndiko kulikokuwa na Chelebi Rumi Khan, mkuu wa mizinga wa Husain, mtu wa kutoka dola ya Waturuki wa Uthmani. Alipanga mizinga kama 600 kwa safu tatu: mizito mbele, ya wastani nyuma yake, na midogo inayogeuzwa kwa mkono safu ya mwisho. Mbele ya yote aliweka wapiga mishale 2,000. Kazi yao ilikuwa kupiga mfululizo na kuficha kilichokuwa nyuma yao. Adui alipokaribia, wakapisha pembeni, na mizinga ikafyatuka.

Shida ya mizinga ya zama zile ni muda wa kuijaza upya. Unasafisha tumbo la mzinga, unatia baruti, unashindilia, unaingiza tufe, unatia baruti laini kwenye tundu, unalenga tena. Wapanda farasi wenye ujasiri wakivumilia mvumo wa kwanza wanaweza kuwafikia wapigaji kabla ya mvumo wa pili. Hivyo ndivyo Krishnadevaraya alivyolishinda jeshi la Bijapur kule Raichur mwaka 1520. Kwa maoni yetu ushindi ule uliwaponza: Vijayanagara walitoka Raichur wakiamini kwamba mizinga ya masultani inatisha kwa kelele tu, na kwa miaka 45 iliyofuata hawakuifanyia kazi silaha hiyo kama jirani zao walivyofanya.

Rumi Khan alijiandaa kwa hali hiyohiyo. Mawimbi ya mwisho yalipofika karibu, mizinga ilikuwa imejazwa mifuko ya sarafu za shaba badala ya matufe. Tufe moja hufungua njia moja katika kundi la watu. Mfuko wa sarafu hupasuka mdomoni mwa mzinga na kutawanyika kama marisawa ya bunduki ya kuwindia. Kwa mbali haufai kitu, kwa hatua chache unafagia. Ferishta anasema watu 5,000 walilala mbele ya mizinga. Hapo wapanda farasi 5,000 wa Bijapur, wakiongozwa na Kishwar Khan, wakapenya katika nafasi zilizoachwa kati ya mzinga na mzinga.

Rama Raya alirudi kwenye machela. Tembo mmoja wa Ahmadnagar akaja mbio upande wake, wachukuzi wakaitupa machela chini na kutoroka, na kabla mzee hajapata farasi alishikwa. Akapelekwa kwa Husain, akakatwa kichwa palepale, kichwa kikainuliwa juu ya mkuki mrefu ili jeshi lake lione.

Swali lako la msingi linajibiwa na namna jeshi lile lilivyoundwa. Askari wengi walikuwa wa wakuu wa majimbo walioitwa nayaka, waliopewa ardhi kwa sharti la kuleta idadi fulani ya watu, farasi na tembo. Utii wa nayaka ulikuwa kwa mtu, na mtu yule sasa kichwa chake kilikuwa juu ya mkuki. Hapakuwa na mrithi uwanjani wala amri ya pili. Kila nayaka akaanza kuwaza namna ya kurudisha watu wake nyumbani.

Mtandaoni wanasema Vijayanagara ilisalitiwa na majenerali wawili Waislamu katikati ya vita. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Habari hiyo chanzo chake ni Cesare Federici, mfanyabiashara wa Venice aliyefika Vijayanagara mwaka 1567 akakaa miezi saba. Anasema makapteni wawili Waislamu, kila mmoja akiwa na watu 70,000 hadi 80,000, waligeuka, na vita vikaisha kwa saa nne. Majina hakuyataja, yale yanayotembea mtandaoni yaliongezwa baadaye.

Federici hakuwapo vitani. Alifika miaka miwili baadaye, katika mji uliokuwa ukitafuta wa kumlaumu. Ferishta, aliyeandika akiwa Bijapur mwanzoni mwa karne ya 17, hataji usaliti huo. Naye ana sababu zake, maana ushindi unaotokana na ushujaa husimuliwa vizuri kuliko ule wa hila. Sisi tunaona kuna uwezekano kwamba baadhi ya vikosi viligeuka, lakini hizo namba hazibebeki, na kichwa cha Rama Raya pamoja na sarafu za Rumi Khan vinatosha kueleza kilichotokea bila msaada wa wasaliti.

Kwa hiyo ilikuwa jihadi ya Waislamu dhidi ya Wahindu? (Wasomaji watatu, Tanga, Bujumbura na London)

Lugha ya dini ilitumika, hasa baada ya ushindi, na mahekalu yalivunjwa. Hilo halifichiki. Lakini tazama watu wenyewe. Rama Raya alianza kazi yake akiwa mtumishi wa Golconda. Ibrahim Qutb Shah, aliyekuja kupigana naye, aliwahi kuishi uhamishoni Vijayanagara miaka saba kama mgeni wake. Jeshi la Vijayanagara liliajiri askari Waislamu zaidi ya karne moja kabla ya vita hivi, na mjini kwao upo msikiti uliojengwa mwaka 1439 na ofisa wa mfalme aitwaye Ahmad Khan. Upande wa masultani walikuwapo Wamaratha ambao ni Wahindu. Ukiliita vita vya dini, itabidi ueleze pia kwa nini Ahmadnagar ilivamiwa na Rama Raya akiwa bega kwa bega na sultani Mwislamu wa Bijapur miaka michache tu kabla.

Kwa nini mji haukujilinda? Nimesoma kwamba ulikuwa na kuta saba. (Msomaji, Zanzibar)

Kuta zilikuwapo. Abdur Razzaq, balozi wa Uajemi aliyeutembelea mwaka 1443, ndiye aliyezihesabu saba. Umbali kutoka uwanja wa vita ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo muda wa kujipanga ulikuwapo, walau siku kadhaa. Kilichokosekana ni watu na mwenye amri. Tirumala alifika mbio, akapakia hazina juu ya tembo (550, kwa mapokeo ya Wareno), akamchukua mfalme Sadashiva na kuelekea ngome ya Penukonda, kusini mashariki. Wenyeji wakabaki bila jeshi. Waporaji wa vijijini waliingia kwanza, jeshi la masultani likafuata, na uporaji ukaendelea kwa miezi mitano hivi.

Federici anasema nyumba nyingi bado zilikuwa zimesimama alipofika, ila tupu, na chui milia walikuwa wakiingia ndani. Tirumala alijaribu kurudi na kuufufua mji. Hakuweza: soko lilikuwa limekufa, na barabara zilijaa wezi.

Hapa Muscat tunasikia kwamba farasi wa Waarabu ndio walioendesha vita vya India. Je, walihusika na Talikota? (Msomaji, Muscat)

Sana. Hali ya hewa ya kusini mwa India na uhaba wa malisho mazuri vilifanya farasi wa vita wasizaliane vizuri huko. Ilibidi waletwe kila mwaka kwa jahazi kutoka Hormuz, Aden na bandari za Oman. Qalhat, jirani zenu, ilikuwa bandari kubwa ya farasi mpaka Wareno walipoishambulia mwaka 1508. Fernão Nunes, Mreno aliyekuwa mfanyabiashara wa farasi Vijayanagara, anasema mfalme alinunua 13,000 kwa mwaka. Anaeleza pia kwamba mfalme mmoja wa kabla, Narasimha, alilipia hata waliokufa baharini: mfanyabiashara alileta mkia tu, akapewa bei ya farasi mzima. Ilikuwa bima ya kuwavuta wenye majahazi wasiende kwa masultani.

Mwaka 1547 Vijayanagara ilifunga mkataba na Wareno wa Goa: farasi wote wanaoshuka Goa wauzwe kwake, Bijapur asipate hata mmoja, na kwa malipo chuma na shura ya Vijayanagara ipitie kwa Wareno. Shura ndiyo malighafi kuu ya baruti. Dola iliyokuwa na shura ya kuuza ikaja kushindwa kwa mizinga!

Baada ya vita Tirumala alihitaji farasi haraka. Akatangaza kwamba atanunua, akawahakikishia wafanyabiashara usalama wa kutoka Goa. Walipowafikisha, akachukua farasi na kuwafukuza wenyewe mikono mitupu. Linganisha na ule mkia wa Narasimha, utajua dola imefika wapi. Goa yenyewe ilidorora, kwa kuwa mteja wake mkubwa alikuwa ameondoka.

Je, Waafrika walikuwapo Deccan wakati huo? (Msomaji, Lamu)

Walikuwapo, wakiitwa Wahabeshi, kama watumwa wa kijeshi na wengine kama makamanda, tangu enzi za Bahmani. Aliyevuma zaidi, Malik Ambar, alizaliwa Uhabeshi karibu na 1548 na kufika Deccan miaka kadhaa baada ya Talikota, kwa hiyo usimweke katika vita hivi. Alikuja kuitawala Ahmadnagar na kuwasumbua Wamughal, watawala wa dola kubwa ya kaskazini mwa India, hadi alipofariki mwaka 1626.

Dola ya Vijayanagara iliisha siku hiyohiyo? (Mwalimu, Arusha)

Hapana, na vitabu vingi vya shule vinakosea hapa. Sadashiva aliuawa miaka michache baadaye, Tirumala akajitawaza na kuanzisha nasaba ya Aravidu. Mji mkuu ulihama Penukonda, kisha Chandragiri, kisha Vellore. Mwaka 1639 Waingereza walipopewa kipande cha pwani kilichokuja kuwa Madras, leo Chennai, waliokitoa walikuwa bado chini ya jina la Vijayanagara. Jina hilo lilififia kabisa baada ya 1646. Kilichokufa 1565 ni mji mkuu na uwezo wa kuwabana akina nayaka. Wa Madurai, Tanjore na Mysore wakawa wafalme kwa vitendo.

Washindi nao hawakufaidi sana. Husain Nizam Shah alifariki mwaka uleule wa 1565, ugomvi wa zamani ukarudi, na Wamughal wakawameza mmoja mmoja: Ahmadnagar 1636, Bijapur 1686, Golconda 1687. Bidar ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na Bijapur mwaka 1619.

Ninasafiri kwenda India mwezi Desemba. Nitazame nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Magofu ya mji yako Hampi, kilomita 13 hivi kutoka Hosapete, na yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1986. Usiridhike na gari la mawe la hekalu la Vitthala ambalo kila mtu hulipiga picha. Nenda kwenye eneo la kifalme uangalie majukwaa ya granaiti yasiyo na kitu juu: majumba yalikuwa ya mbao, yaliungua, ikabaki misingi. Kisha nenda hekalu la Virupaksha, ambalo ibada yake inaendelea mpaka leo, ulinganishe na hekalu la Vitthala lililovunjwa. Utaona kwamba uharibifu haukuwa sawa kila mahali.

Ukipata siku ya ziada, panda kaskazini hadi Vijayapura, Bijapur ya zamani, ukauone Malik-i-Maidan, mzinga uliosubuliwa Ahmadnagar mwaka 1549 na Muhammad bin Hasan Rumi. Waongozaji watakuambia ulipigwa Talikota. Mwaka wake unaruhusu, lakini una uzito wa tani zipatazo 55, na masultani walivuka Krishna usiku, kwa haraka. Sisi hatushawishiki.